Fundi wa rangi huja mwisho: Hatua za kuifanya kazi hii ikulipe

KATIKA mjengo wowote ule, fundi wa rangi ndiye mtu wa mwisho kufika. Mchimba msingi alikuja akaenda zake. Mwashi akajenga, seremala akaezeka, fundi wa umeme akapitisha nyaya na fundi wa mabomba akaunganisha maji. Anapowasili mwenye brashi na rola, mambo mawili huwa yamekwisha kutokea: mfuko wa mwenye nyumba umepungua, na makosa ya wote waliotangulia yamejificha ndani ya kuta yakimsubiri yeye.

Bomba likivuja ndani ya ukuta, atakayelaumiwa ni aliyeupaka rangi. Lipu ikipasuka kwa sababu mchanga ulizidi saruji, itakayoonekana mbaya ni rangi. Na fedha zikimalizika kabla ya kazi kukamilika, atakayeambiwa arudi mwisho wa mwezi ni yeye huyo huyo wa mwisho.

Hata hivyo, wapo mafundi waliosomesha watoto na kununua mashamba kwa kazi hii ya rangi. Ukiwalinganisha na wenzao wanaoshinda nje ya maduka ya vifaa vya ujenzi, rola begani, wakisubiri kuitwa, hutaona tofauti kubwa katika ustadi wa mkono. Tofauti imo katika jinsi wanavyoukagua ukuta, wanavyopiga hesabu, wanavyoandikiana na mteja na wanavyotunza jina lao. Makala haya yanafafanua mambo hayo hatua kwa hatua, kwa manufaa ya kijana anayetaka kuianza kazi hii na hata fundi mkongwe ambaye jasho lake halijamlipa ipasavyo.

Cheti kina uzito

Wengi huingia katika kazi hii kupitia mlango wa kibarua. Kijana humfuata jamaa yake kwenye mjengo, akabeba maji na ngazi, akapiga msasa, na baada ya miezi michache akakabidhiwa rola. Hii ni shule nzuri, wala haifai kubezwa. Kasoro yake ni kwamba haimpi mwanafunzi karatasi ya kumwonyesha mtu asiyemjua.

Nchini Kenya, fundi anaweza kufanya mtihani wa ufundi unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA), asasi iliyorithi majukumu ya iliyokuwa Idara ya Mafunzo ya Viwanda. Mtihani huo una ngazi tatu: Gredi ya Tatu ambayo ndiyo ya chini, Gredi ya Pili na Gredi ya Kwanza. Si lazima mtahiniwa awe amepitia darasani. Aliyejifunzia kazini anaweza kujisajili, akapewa kazi ya kufanya mbele ya mtahini na kupimwa kwa aliyoyafanya.

Faida yake si ya kuning'iniza ukutani tu. Amri za serikali kuhusu kima cha chini cha mishahara humtofautisha fundi asiye na gredi na yule wa Gredi ya Tatu, ya Pili na ya Kwanza, na kila ngazi ina kiwango chake. Mwajiri anayemlipa fundi wa Gredi ya Kwanza sawa na asiye na cheti huwa anaikiuka amri hiyo. Aidha, anayetazamia kupata kazi za shule, hospitali au afisi za serikali ataulizwa vyeti vya mafundi wake kabla ya kuulizwa bei.

Kwa aliyemaliza shule na ana muda, vyuo vya ufundi vya kaunti na vyuo anuwai hutoa mafunzo ya upakaji rangi na urembeshaji. Kampuni kubwa za kutengeneza rangi nazo huandaa vikao vya kuwafunza mafundi matumizi ya bidhaa zao mpya. Fundi mwerevu huvihudhuria, kwani humo hujifunza mambo ambayo hayamo katika maandishi ya kwenye debe.

Ukuta hukaguliwa kabla ya debe kufunguliwa

Mafundi wakongwe hukubaliana kwamba sehemu kubwa ya kazi nzuri hufanyika kabla ya rangi kuguswa. Mteja haioni sehemu hii, na ndiyo maana fundi mwenye haraka huiruka. Baada ya miezi sita ukuta humfichua.

Jambo la kwanza ni unyevu. Lipu mpya ya saruji huhitaji takriban siku 28 kukomaa na kukauka. Ikipakwa rangi kabla ya hapo, maji yaliyo ndani hutafuta njia ya kutokea, yakaisukuma rangi ikafanya malengelenge na kubambuka. Zaidi ya hayo, saruji mbichi ina ukali wa chokaa unaoweza kuichoma rangi ikapauka. Mwenye nyumba anayetaka kuhamia wiki ijayo hapendi kuyasikia haya, lakini ni heri aambiwe mapema. Ikiwa hana budi kuharakisha, na aandike kwamba alishauriwa.

Jambo la pili ni chumvi. Katika maeneo ya Pwani, na popote ambapo mchanga wenye chumvi ulitumika, unga mweupe hujitokeza juu ya lipu. Unga huo haufunikwi kwa rangi. Hupigwa brashi kavu, ukaachwa, na ukirudi ukapigwa tena, hadi ukome. Kuvu nayo ni vivyo hivyo: isipooshwa kwa dawa na chanzo cha unyevu kuzibwa, itaota juu ya rangi mpya kana kwamba hakuna kilichofanyika.

Jambo la tatu ni rangi ya zamani. Rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta inayong'aa mpaka mng'ao huo uondolewe kwa msasa. Fundi hukwaruza kidogo kwa kisu au kubandika utepe na kuuvuta kwa nguvu. Rangi ya zamani ikitoka na utepe, basi haina budi kuondolewa yote, kwa maana rangi mpya haiwezi kushika kuliko ile iliyo chini yake.

Baada ya ukaguzi huja kuziba nyufa, kusawazisha ukuta kwa skimu, kupiga msasa, kufuta vumbi na kupaka praima. Kisha rangi yenyewe hupakwa angalau mara mbili, kila tabaka likiachwa likauke kwa muda ulioandikwa kwenye debe. Utaratibu wa kawaida ni kuanza na dari, kufuatia kuta, kisha milango na fremu za madirisha, ili matone yanayodondoka yaangukie mahali ambapo bado hapajamalizwa.

Ni hapa pia ambapo fundi hujikinga na lawama za waliomtangulia. Kabla ya kuanza, na azunguke nyumba pamoja na mwenyewe, amwonyeshe kila ufa, kila doa la maji na kila pembe iliyopinda, na apige picha kwa simu. Dakika 20 za matembezi hayo huweza kuokoa malipo ya mwezi mzima. Doa likirudi baadaye, mteja atakumbuka kwamba alionyeshwa bomba linalovuja na akasema litashughulikiwa.

Hesabu ya rangi

Fundi anayekisia idadi ya madebe kwa macho hujiharibia jina kwa njia mbili. Akikisia chini, kazi husimama, na debe la kuongezea huenda likatofautiana kidogo na la kwanza. Akikisia juu, mteja hubaki na madebe asiyoyahitaji na shaka moyoni. Hesabu yenyewe si ngumu.

Chukua chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7. Jumla ya pande zote nne ni mita 14. Zidisha kwa kimo, upate mita 37.8 za mraba. Ondoa mlango wa mita 0.9 kwa 2.1 na dirisha la mita 1.5 kwa 1.2, ambavyo kwa pamoja ni takriban mita 3.7 za mraba. Unabaki na kuta za mita 34.1 za mraba. Kwa kuwa rangi itapakwa mara mbili, eneo la kufunikwa ni mita 68.2 za mraba.

Lita moja ya rangi ya maji, kwenye ukuta ulioandaliwa vizuri, hufunika kati ya mita 10 na 14 za mraba kwa tabaka moja, kutegemea aina. Fundi mwangalifu hutumia 10. Hivyo chumba hiki kinahitaji lita 6.8. Ongeza asilimia 10 ya rangi inayobaki kwenye rola na trei, upate lita 7.5. Madebe mawili ya lita 4 yatatosha, na kibakie kidogo cha kufanyia marekebisho.

Ukuta wenye lipu ya kukwaruza hunywa zaidi, na rangi nyeusi iliyopo ikibadilishwa iwe nyeupe huenda ikahitaji tabaka la tatu. Rangi zinazochanganywa dukani kwa mashine ni vyema zinunuliwe zote kwa pamoja, na namba iliyoandikwa kwenye debe ihifadhiwe. Mteja akirudi baada ya mwaka akitaka ukuta mmoja upakwe upya, fundi aliyeitunza namba hiyo hatasumbuka.

Kinachobaki ni mali ya mteja. Mambo yaliyoichafulia kazi hii jina ni pamoja na tabia ya kuongeza maji kwenye rangi kupita kiasi ili debe libaki na kuuzwa, na ile ya kupokea bahashishi dukani kwa kumpeleka mteja kununua rangi duni kwa bei ya juu. Fundi anayefanya hivyo hupata mia tano leo na kupoteza nyumba tano za majirani wa mteja huyo. Njia mwafaka ni kumwandikia mteja orodha ya vifaa, akanunue mwenyewe, na madebe matupu yahesabiwe mbele yake mwishoni.

Bei inayoua biashara

Makosa mengi hutokea hapa. Fundi huulizwa bei, akatazama nyumba, akataja kiasi anachodhani mteja atakikubali. Hiyo si bei, ni bahati nasibu.

Tuchukue mfano. Kazi ya nyumba moja itamchukua fundi na wasaidizi wawili siku 12. Tuseme fundi hujilipa Sh1,500 kwa siku na kila msaidizi Sh800. Ujira wa fundi ni Sh18,000 na wa wasaidizi Sh19,200, jumla Sh37,200. Nauli ya watatu hao ikiwa Sh400 kwa siku, ni Sh4,800. Msasa, rola, utepe wa kuzibia kingo na nailoni za kufunikia sakafu ni Sh5,000. Gharama halisi imefika Sh47,000.

Mvua huenda ikakatiza kazi siku mbili au mteja akabadilisha rangi ya sebule, kwa hivyo ongeza asilimia 10 ya dharura, yaani Sh4,700. Sasa ni Sh51,700. Hadi hapa biashara yenyewe haijapata chochote. Kila mtu amelipwa jasho lake tu. Ukiongeza faida ya asilimia 20, ambayo ni Sh10,340, bei ya kumpa mteja ni takriban Sh62,000.

Sasa mfikirie mwenzake anayekuja akasema Sh40,000 ili asiikose kazi. Ataipata. Katika siku ya tisa au ya kumi, fedha zitakuwa zimemwishia, wasaidizi wanadai, na yeye anatamani kuondoka. Atalipua tabaka la pili, atasahau nyuma ya milango, atagombana na mteja na hataitwa tena. Amefanya kazi siku 12 na kutoa Sh7,000 mfukoni mwake kwa heshima ya kuifanya. Viwango vya ujira hutofautiana mji kwa mji, lakini hesabu hii haibadiliki.

Faida ile ndiyo inayonunua ngazi ya pili, mashine ya kunyunyizia rangi na jukwaa la chuma. Ndiyo inayomwezesha fundi kungoja malipo yaliyochelewa bila kukopa. Anayejiona mjanja kwa kuiondoa katika bei atabaki na brashi moja miaka 20.

Bei inapoonekana kubwa kwa mteja, si lazima ipunguzwe. Mweleze kilichomo ndani yake, kisha mpe njia ya kupunguza kazi: aanze na vyumba vya mbele, au aiache stoo kwa sasa. Bei ikishuka pamoja na kazi, hakuna anayeumia.

Mali bila daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi bila maandishi hupotea vivyo hivyo. Mkataba wa fundi wa rangi si lazima uwe wa kurasa nyingi. Ukurasa mmoja unatosha kama unataja vyumba vitakavyopakwa, aina ya rangi na idadi ya matabaka, nani atanunua vifaa, siku za kuanza na kumaliza, bei, na jinsi bei hiyo itakavyolipwa. Ongeza sentensi moja muhimu: kazi yoyote isiyotajwa humu italipiwa kando.

Utaratibu wa malipo unaowafaa wote wawili ni wa awamu. Kwa mfano, asilimia 40 kabla ya kuanza, asilimia 40 tabaka la kwanza likikamilika na asilimia 20 baada ya ukaguzi wa mwisho. Kwa njia hiyo, fundi hamkopeshi mteja, na mteja naye hubaki na kitu cha kumshikia fundi asitoroke kabla ya kumaliza. Malipo kwa M-Pesa au benki ni bora kuliko ya mkononi kwa sababu huacha ushahidi.

Na asiyelipwa afanye nini? Wengi husamehe kwa kudhani kwamba mahakama ni ya wenye mawakili. Mambo yamebadilika. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 iliunda mahakama maalumu ambazo zilianza kazi Nairobi mwaka 2021 na kuenezwa katika miji mingine. Hushughulikia madai yasiyozidi Sh1 milioni, hazimlazimu mdai kuwa na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe katika muda wa siku 60. Mkataba wa ukurasa mmoja, picha za simu na taarifa ya M-Pesa ni ushahidi wa kutosha kuanzia. Mara nyingi, barua ya adabu inayomkumbusha mteja kuwapo kwa mahakama hiyo hutosha kumfungua mkoba.

Kazi hutoka wapi?

Nyumba mpya ni sehemu moja tu ya soko. Kazi isiyoisha imo katika majengo yaliyopo, ambayo hupauka, huchafuka na hubadilisha wenyewe.

Mapangoni mwa biashara ndimo mwenye macho huona fursa. Kampuni ya simu ya Celtel ilipogeuka kuwa Zain mwaka 2008, na Zain ikawa Airtel mwaka 2010, kila badiliko lilimaanisha maduka, vibanda na kuta za vituo vya biashara kupakwa upya nchi nzima. Kampuni za simu, soda, sabuni na hata za rangi zenyewe bado huyatumia maduka ya mashambani kama mabango. Kazi hiyo hutolewa kwa mawakala wa matangazo, nao huwatafuta mafundi wanaoweza kumaliza maduka kadhaa kwa siku bila kuikosea nembo hata kidogo. Fundi anayejua kuandika herufi kwa mkono ana nafasi ya pekee hapo.

Maagizo ya serikali nayo huleta kazi na kuiondoa. Kanuni za uchukuzi alizozianzisha waziri John Michuki mwaka 2004 zilizitaka matatu ziwe na ukanda wa manjano na zikapiga marufuku michoro. Waliokuwa wakiishi kwa michoro walipata pigo, ilhali waliojua kupiga mstari ulionyooka walifurika wateja. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliunga mkono kurejea kwa michoro hiyo, na wachoraji wakarudi kazini. Mjini Mombasa, serikali ya kaunti iliagiza mwaka 2018 majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe na mapambo ya buluu. Wamiliki waliokuwa wameahirisha kazi hiyo kwa miaka walijikuta wakiwatafuta mafundi kwa wakati mmoja. Anayesoma magazeti huyaona mambo haya yakija.

Kuna pia majira. Mvua ndefu za Machi hadi Mei na zile fupi za Oktoba hadi Desemba huzizuia kazi za nje, kwa hivyo fundi mwenye mpango huzitenga kazi za ndani kwa miezi hiyo. Shule hupakwa rangi wakati wa likizo, na anayesubiri likizo ianze ndipo aende kuomba huwa amechelewa. Na aende muhula ukiwa katikati, wakati mwalimu mkuu anaandaa bajeti. Wenye nyumba za kukodisha, nao, hupaka kila mpangaji anapohama. Ajenti mmoja wa nyumba anayekuamini hukupa kazi mwaka mzima kuliko wateja 10 wa mara moja.

Picha za kabla na baada ya kazi, zilizopangwa vizuri kwenye simu na kuwekwa katika mitandao ya kijamii, ndizo tangazo la bei nafuu kuliko yote. Waombe wateja idhini kabla ya kuonyesha nyumba zao.

Kutoka fundi hadi mwanakandarasi

Hufika siku ambapo mkono mmoja hautoshi. Hapo fundi huanza kuwa mwajiri, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Atatumia muda mwingi kupima, kununua, kusimamia na kudai, na muda mchache kupaka. Wengine huanguka hapa kwa sababu huendelea kushika brashi huku wasaidizi wakiharibu kazi katika chumba cha pili.

Hatua za kisheria ni kusajili jina la biashara au kampuni kupitia eCitizen, kupata namba ya ushuru ya KRA (PIN), kufungua akaunti ya benki ya biashara na kuchukua leseni ya kaunti. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, husajili wanakandarasi katika ngazi za NCA 1 hadi NCA 8, ya nane ikiwa ndiyo ya kuanzia. Mamlaka hiyo pia huwatambua mafundi na wasimamizi wa mijengo.

Kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, mpango wa AGPO ulioanza mwaka 2013 huwatengea asilimia 30 ya zabuni za serikali. Upakaji rangi wa madarasa na zahanati ni kazi inayolingana na uwezo wa kampuni ndogo. Lakini hapa lazima tahadhari itolewe. Malipo ya serikali, hasa ya kaunti, yanajulikana kwa kuchelewa. Kampuni changa iliyonunua rangi yote kwa mkopo na kungoja malipo mwaka mzima huweza kufa ikiwa na kandarasi nzuri mkononi. Anayeingia huko na aingie na kazi moja anayoweza kuimudu kwa akiba yake, huku kazi za watu binafsi zikiendelea kumlisha.

Mapafu hayanunuliwi

Mafundi wengi hawaijali sehemu hii. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliiorodhesha kazi ya upakaji rangi mwaka 1989 miongoni mwa zile zinazosababisha saratani kwa binadamu, na baadaye likathibitisha uamuzi huo. Saratani ya mapafu na ya kibofu ndizo zilizotajwa hasa. Haina maana kwamba kila fundi ataugua. Maana yake ni kwamba mvuke na vumbi si mambo ya kuchekea.

Kitambaa kilichofungwa puani huzuia vumbi kidogo tu, na hakizuii mvuke wa tina wala tapentaini hata chembe. Kinachohitajika ni barakoa yenye vichujio vya mvuke, madirisha wazi na mapumziko nje. Kuosha mikono kwa petroli au tina ni kuiingiza sumu mwilini kupitia ngozi; sabuni na mafuta ya kupikia huondoa rangi nyingi bila madhara hayo.

Rangi za mafuta za zamani huenda zina madini ya risasi, ambayo huathiri ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Viwango vya sasa vya Kenya vinataka risasi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni ya rangi, lakini milango na madirisha ya zamani yalipakwa kabla ya viwango hivyo. Usiipige msasa mkavu rangi ya namna hiyo. Ilowanishe kwanza, kusanya mabaki yote, na ubadilishe nguo kabla ya kuwapakata wanao nyumbani.

Kisha kuna ngazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga bila malipo, na Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka huo huo humtaka awakatie bima. Fundi aliyewachukua wasaidizi wawili amekwisha kuwa mwajiri, ajue asijue. Msaidizi akianguka kutoka orofa ya tatu, atakayetafutwa ni yeye. Naye mwenyewe hana budi kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kuweka akiba ya uzeeni NSSF, kwani hakuna atakayemwekea.

Jina ndilo mtaji

Miezi mitatu baada ya kumaliza kazi, fundi hodari humpigia simu mteja na kumuuliza hali ya kuta. Pakiwa na ufa mdogo, hupita na kuuziba bila malipo. Jambo hilo humgharimu nusu siku na nauli. Mteja naye, ambaye alizoea mafundi wasiopokea simu baada ya kulipwa, huwasimulia jamaa zake wote.

Kuja mwisho katika mjengo kuna upande mwingine ambao wengi hawauoni. Msingi umefukiwa na nyaya zimefichwa ukutani. Mgeni aingiaponi nyumbani hamwoni mwashi wala fundi wa mabomba; kilicho mbele ya macho yake ni kazi ya aliyekuja mwisho. Akiuliza ni nani aliyeipaka nyumba hii, fundi na ahakikishe kwamba mwenye nyumba atalitaja jina lake kwa furaha, na kwamba namba yake ya simu bado imehifadhiwa.